Kuhudumia TLS kwenye soketi zisizozuia: mwongozo kwa waandishi wa seva wa Tanga

Seva ya TCP isiyo na usimbaji ni rahisi kuifanya ihudumie wateja wengi kwa uzi (thread) mmoja. Unaweka kila soketi katika hali ya kutozuia (wito hurudi mara moja hata kama hakuna data), unaiachia epoll, mfumo wa Linux wa kufuatilia soketi nyingi, ikuambie ipi ina baiti za kusomwa na ipi ina nafasi ya kuandikiwa, basi. Ukiongeza TLS (itifaki inayosimba data kabla ya kusafirishwa), utaratibu huo hautoshi tena, kwa sababu mbili. Kwanza, unapoomba kusoma, maktaba ya TLS inaweza kuhitaji kuandika. Na unapoomba kuandika, inaweza kuhitaji kusoma. Pili, data yako inaweza kuwa imeshatoka kwenye soketi na kukaa ndani ya maktaba, mahali ambapo epoll haioni. Muunganisho unaoganda bila sababu, au CPU inayokwenda asilimia 100 bila kazi ya maana, mara nyingi chanzo chake ni mojawapo ya hayo mawili.

Tuchukue mfano wa seva iliyo ofisini Chumbageni, inayopokea uzito na bei ya samaki kutoka kwenye simu za mawakala wa Deep Sea, Sahare, Kigombe, Pangani na Moa. Kila simu inashikilia muunganisho mmoja kutwa nzima. Mjini mtandao unatulia; ukitoka kuelekea Pangani au Mkinga unapanda na kushuka. Mtandao wa namna hiyo ndio unaofichua makosa ambayo mwandishi wa programu hatayaona akijaribu kila kitu kwenye kompyuta moja mezani.

Neno moja kabla ya kuanza. Kama huduma yako ni HTTP ya kawaida, weka nginx (seva ya wavuti) mbele na uiachie kazi hii. Ukiandika kwa Go, Node au asyncio ya Python, mambo mengi ya soketi yameshafanywa chini yako. Kwako zitabaki sehemu za vikomo vya muda, vyeti na ufungaji. Maelezo yanayofuata ni ya anayeandika itifaki yake mwenyewe kwa C au C++ juu ya maktaba ya TLS iitwayo OpenSSL, na ya yeyote anayetaka kuelewa kinachotokea chini ya maktaba anayoitumia.

Maandalizi

Tumia Linux na OpenSSL 3.0 au jipya zaidi. Toleo la 3.0 lilitoka Septemba 2021 na ndilo lililo ndani ya Ubuntu 22.04. Sakinisha libssl-dev, kisha tengeneza cheti cha majaribio:

```
openssl req -x509 -newkey ec -pkeyopt ec_paramgen_curve:P-256 \
  -nodes -days 30 -keyout ufunguo.pem -out cheti.pem -subj "/CN=localhost"
```

Kwenye SSL_CTX (mipangilio inayotumiwa na miunganisho yote) weka TLS 1.2 iwe toleo la chini kabisa, kwa SSL_CTX_set_min_proto_version. TLS 1.0 na 1.1 ziliondolewa rasmi na RFC 8996 mwaka 2021, na simu za Android zimewashiwa 1.2 tangu Android 5.0, kwa hiyo hata simu kuukuu ya wakala wa Moa itaingia.

Cheti kipakie kwa SSL_CTX_use_certificate_chain_file, si kwa ile inayosoma cheti kimoja tu. Faili iwe na cheti chako kwanza, kisha vyeti vya kati (vinavyokiunganisha na mamlaka kuu ya vyeti) kwa mpangilio. Ukisahau cha kati, kivinjari cha kompyuta huenda kikafanikiwa kwa sababu kinaweza kukitafuta chenyewe au kimekihifadhi kutoka tovuti nyingine. Simu ya Android itakataa. Dalili yake ni malalamiko ya "kwangu inafanya, kwa wakala haifanyi".

Jambo la mwisho la maandalizi: ipuuze ishara ya SIGPIPE mwanzoni mwa programu. OpenSSL ikitumia soketi moja kwa moja huandika kwa wito wa write, na kuandika kwenye soketi ambayo upande wa pili umeshaifunga kunaua mchakato mzima. Katika TLS 1.3 hatari hii imeongezeka. Baada ya handisheki (mazungumzo ya mwanzo ya kukubaliana funguo), seva ya OpenSSL hutuma bila kuombwa tiketi mbili za kikao, ambazo mteja huzitumia kurudi kwa haraka baadaye, na mteja aliyeunganisha na kukata papo hapo anaiacha seva inaandika kwa mtu aliyekwisha kuondoka.

Kupokea muunganisho

Soketi inayosikiliza nayo iwe isiyozuia. Epoll ikikuamsha, ita accept4 kwa SOCK_NONBLOCK na SOCK_CLOEXEC, tena na tena mpaka irudishe EAGAIN, yaani hakuna mwingine wa kupokea. Kwa kila soketi mpya tengeneza SSL (kitu kinachobeba hali ya muunganisho mmoja), iunganishe na soketi kwa SSL_set_fd, kisha ita SSL_set_accept_state. Usiite SSL_accept ukatarajia imalize hapo hapo. Handisheki ni hatua kama hatua nyingine, nayo itakatizwa katikati mara kadhaa.

Angalia kosa la EMFILE, linalosema mchakato umefikia kikomo cha faili zilizofunguliwa. Kikomo laini cha faili kwa mchakato huwa 1024 kwenye mifumo mingi. Kikifikiwa, accept4 inashindwa lakini mteja bado yumo kwenye foleni, hivyo epoll inakuamsha tena mara moja, na tena, na CPU inajaa. Pandisha LimitNOFILE kwenye faili la systemd, na ndani ya programu acha kusikiliza kwa muda kila EMFILE inapotokea, hadi muunganisho mmoja ufungwe.

Kiini chenyewe: nani anangoja nini

Kila muunganisho uwe na sehemu mbili za kumbukumbu: usomaji unangoja nini, na uandishi unangoja nini. Usidhani kwamba usomaji unangoja EPOLLIN (data imefika) siku zote. Iulize maktaba baada ya kila wito: WANT_READ ni kwamba inangoja kusoma, WANT_WRITE inangoja kuandika.

```c
ERR_clear_error();
int n = SSL_read(m->ssl, bafa, sizeof bafa);
if (n > 0) {
    chakata(m, bafa, n);
} else switch (SSL_get_error(m->ssl, n)) {
    case SSL_ERROR_WANT_READ:   m->soma_ngoja = EPOLLIN;  break;
    case SSL_ERROR_WANT_WRITE:  m->soma_ngoja = EPOLLOUT; break;
    case SSL_ERROR_ZERO_RETURN: funga_vizuri(m);          break;
    default:                    kata(m);
}
```

Uandishi unafuata sura hiyohiyo kwa andika_ngoja. Unachosajili kwenye epoll ni muungano wa hizo mbili. Tukio likija, lilinganishe na kila moja: likigusa soma_ngoja, rudia SSL_read, likigusa andika_ngoja, rudia SSL_write. Kama huna cha kuandika, andika_ngoja iwe sifuri. Soketi yenye afya ina nafasi ya kuandikiwa karibu muda wote, na EPOLLOUT iliyoachwa wazi bila kazi itaizungusha seva usiku kucha.

Usomaji unataka kuandika lini? Wakati wa handisheki ya mwanzo, na kwenye TLS 1.2 pale upande mmoja unapoanzisha handisheki upya katikati ya mazungumzo. TLS 1.3 iliondoa hilo, lakini ikaleta KeyUpdate: mteja anaweza kubadilisha funguo zake na kukutaka nawe ubadilishe zako, ingawa OpenSSL 3.0 huliahirisha jibu lako hadi SSL_write inayofuata. Bafa ya soketi ikiwa imejaa wakati SSL_read inaandika ujumbe wa handisheki, unapata WANT_WRITE. Hutokea kwa nadra, na ndiyo maana kosa hili hukaa ndani ya programu miaka bila kuonekana.

ERR_clear_error ya mstari wa kwanza si pambo. OpenSSL huweka makosa kwenye foleni ya uzi mzima, si ya muunganisho mmoja, na SSL_get_error huitazama foleni hiyo. Kosa la cheti lililoachwa na simu ya Kigombe linaweza kusomwa kama kosa la simu ya Sahare inayofuata kuhudumiwa, na ukamkata mtu asiye na hatia. Kwa sababu hiyohiyo, SSL_get_error iitwe mara tu baada ya wito husika, kwenye uzi uleule, kabla ya kitu kingine chochote.

Data iliyofichwa ndani ya maktaba

TLS husafirisha data katika rekodi, na rekodi moja inabeba hadi baiti 16,384. Maktaba haiwezi kukupa hata baiti moja mpaka rekodi nzima ifike, kwa sababu alama ya uthibitisho iko mwishoni. Ikishafika yote inasimbuliwa kwa pamoja. Ukisoma kwa bafa ya baiti 4,096, utapata robo yake, na robo tatu zilizobaki ziko ndani ya OpenSSL huku soketi ikiwa tupu. Ukirudi kwenye epoll sasa, utangoja. Mteja naye anangoja jibu. Pande zote mbili zimeganda, na hakuna kosa lililoandikwa kwenye logi.

Dawa ni kuendelea kuita SSL_read mpaka irudishe WANT_READ au WANT_WRITE. Lakini mteja mmoja anayemimina data nyingi atawanyima wengine zamu. Uzi mmoja wa epoll ni kama karani mmoja wa mizani kwenye mnada wa samaki: akikwama na mtu mmoja, foleni nzima inasimama. Kwa hiyo weka kikomo, tuseme KB 64 kwa zamu. Kikifikiwa, weka muunganisho kwenye orodha yako mwenyewe ya walio tayari, na orodha ikiwa na mtu, ita epoll_wait kwa muda wa kungoja sifuri. SSL_pending itakuambia kama kuna baiti zilizosimbuliwa zinazosubiri. Ukiwa umewasha usomaji wa mbele, tumia SSL_has_pending, ambayo huhesabu pia rekodi ambazo hazijasimbuliwa.

Kuandika

Hapa kuna sheria moja inayowakwaza wengi. SSL_write ikirudisha WANT_WRITE, maktaba tayari imesimba rekodi na kuipa namba yake ya mfuatano. Haiwezi kurudi nyuma. Ni lazima urudie wito kwa data ileile. Kwa kawaida inadai hata anwani ya bafa iwe ileile, na ukibadilisha unapata kosa la "bad write retry". Bafa yako ikikuzwa kwa realloc kwa sababu ujumbe mwingine umeongezwa, anwani inahama na kosa linatokea. Washa modi mbili kwenye SSL_CTX: SSL_MODE_ACCEPT_MOVING_WRITE_BUFFER, inayoruhusu bafa kuhama mradi baiti ni zilezile na urefu haukupungua, na SSL_MODE_ENABLE_PARTIAL_WRITE, inayokurudishia hesabu kila rekodi moja inapomaliza kuandikwa.

Ukubwa wa rekodi una maana kubwa kwa wateja wa mtandao hafifu. Rekodi iliyojaa, pamoja na baiti 22 za ziada za TLS 1.3 yenye AES-GCM, ni baiti 16,406. Kwa segmenti za TCP za baiti 1,460 hizo ni segmenti 12. Segmenti ya mwisho ikipotea njiani, simu ya Pangani imeshapokea 11 na bado haiwezi kusoma hata herufi moja. Anza na rekodi za baiti 1,300 hivi, zinazoingia ndani ya segmenti moja. Muunganisho ukishapitisha data ya kutosha bila kusita, panda hadi 16,384. Njia rahisi ni kuipa SSL_write vipande vya ukubwa huo. Kwenye nginx kitu hichohicho kinapangwa kwa ssl_buffer_size, ambayo chaguo-msingi lake ni KB 16. Kwa majibu mafupi KB 4 inafaa zaidi.

Kumbuka pia kuweka kikomo cha data inayongoja kuandikwa kwa kila mteja. Simu iliyopoteza mtandao haisomi, na foleni yake itakua ndani ya RAM yako. Ikipita MB 1, acha kuzalisha data kwa ajili yake au mkate.

Umeme ukirudi

Kazi nzito ya CPU katika TLS iko kwenye handisheki, hasa sahihi ya ufunguo binafsi wa seva. Siku ya kawaida huihisi. Lakini umeme wa ofisi ukikatika kidogo, ruta ikazima na kuwaka, simu zote zinarudi kwa pamoja. Kitanzi kimoja cha epoll (uzi mmoja unaozunguka kuhudumia matukio) kinachohesabu sahihi 600 mfululizo hakimhudumii aliyekwisha kuingia. Pima mashine yako kwanza:

```
openssl speed rsa2048 rsa4096 ecdsap256
```

Soma safu ya sahihi kwa sekunde. Ikiwa RSA 4096 inakupa sahihi 150 kwa sekunde kwenye kori moja, simu 600 zitachukua sekunde nne nzima, na simu zenye kikomo kifupi zitakata na kuanza upya, zikiongeza mzigo. Kwa cheti cha ECDSA P-256 kazi hiyohiyo huwa nyepesi kuliko hiyo kwa mara kadhaa. Huu ndio ushauri wenye faida kubwa kuliko yote kwa gharama ndogo: badilisha aina ya ufunguo kabla ya kufikiria nyuzi nyingi.

Kisha, endesha kitanzi kimoja kwa kila kori, kila kimoja na soketi yake ya kusikiliza yenye SO_REUSEPORT, inayoruhusu soketi kadhaa zisikilize namba moja ya mlango. Ukipendelea kupeleka handisheki kwenye nyuzi za pembeni, sawa, ila SSL moja isiguswe na nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Iondoe kwenye epoll, ikabidhi, na irudishe ikimaliza. Kuna pia SSL_MODE_ASYNC na kosa lake la WANT_ASYNC, tangu OpenSSL 1.1.0. Hiyo inasaidia pale tu unapokuwa na kifaa au injini inayohesabu sahihi nje ya CPU. Bila hicho, haikuongezei kitu.

Tiketi za kikao hupunguza mzigo huu, kwa kuwa mteja anayerudi nayo hahitaji sahihi mpya. Lakini vitanzi vikiwa michakato tofauti, kila mmoja na SSL_CTX aliyoitengeneza mwenyewe, tiketi ya mmoja haifunguki kwa mwingine. Wape funguo za tiketi za pamoja, na uzibadilishe mara kwa mara. Data ya mapema ya TLS 1.3, ile inayotumwa kabla handisheki haijaisha, usiiruhusu kwa chochote kinachogusa malipo au hesabu ya mzigo: mtu anaweza kuinasa na kuituma tena, na kilo 40 za jodari zikaandikwa mara mbili.

Upande wa programu ya simu, weka ucheleweshaji wa kubahatisha wa sekunde 0 hadi 30 kabla ya kuunganisha upya, na uuongeze maradufu kila jaribio linaposhindikana.

Vikomo vya muda

Kila hatua iwe na saa yake. Handisheki sekunde 15. Chini ya hapo utawaonea walio kwenye mtandao hafifu, juu ya hapo mtu yeyote anaweza kukujazia miunganisho isiyosema kitu. Kufunga sekunde 2 au 3. Muunganisho uliokaa kimya dakika 2, mwachie mteja atume ujumbe mfupi wa uhai. Usitegemee ule wa TCP, kwa sababu Linux kwa chaguo-msingi hungoja sekunde 7,200 kabla ya kuutuma wa kwanza, na mitambo ya kampuni za simu husahau muunganisho uliokaa kimya mapema zaidi ya hapo. Kwa data iliyotumwa isiyothibitishwa, TCP_USER_TIMEOUT ya milisekunde 30,000 itakuondolea simu zilizopotea njiani.

Muunganisho uliotulia hula RAM bila kazi: bafa mbili za takriban KB 17 kila moja, yaani karibu MB 170 kwa miunganisho 5,000. SSL_MODE_RELEASE_BUFFERS huziachia kila zinapokuwa tupu.

Kufunga

SSL_shutdown hutuma close_notify (ujumbe wa kuaga wa TLS) na kurudisha 0 ikiwa ya upande wa pili haijafika. Hilo si kosa. Baada ya hapo ita shutdown kwa SHUT_WR, soma na kutupa chochote kinachokuja hadi sifuri au sekunde 2 ziishe, ndipo uite close. Ukifunga huku kuna baiti zisizosomwa, kerneli hutuma RST (amri ya TCP ya kukata ghafla), na RST inaweza kufuta jibu lako la mwisho kabla simu haijalisoma. Baada ya SSL_ERROR_SSL au SSL_ERROR_SYSCALL usiite SSL_shutdown kabisa; kata tu.

Mteja akiondoka bila close_notify, OpenSSL 1.1.1 ilikuwa inarudisha SSL_ERROR_SYSCALL, na 3.0 inarudisha SSL_ERROR_SSL yenye sababu ya mwisho usiotarajiwa. Simu zitafanya hivyo kila siku. Kama itifaki yako inataja urefu wa kila ujumbe, utajua ujumbe ulikamilika au la. Kama mwisho wa ujumbe ni kufungwa kwa muunganisho, huwezi kutofautisha simu iliyozimika na mtu aliyekata data makusudi. Taja urefu.

Ukitumia io_uring au BIO za kumbukumbu

Kwa io_uring, njia ya Linux ya kuiagiza kerneli isome na kuandika kwa niaba yako, au BIO za kumbukumbu, yaani bafa za OpenSSL ndani ya RAM, maktaba haigusi soketi. Unaingiza baiti zilizofika kwa BIO_write na kuchukua za kutuma kwa BIO_read. Mtego ni mmoja: baada ya kila wito, hata uliorudisha WANT_READ, angalia BIO ya kutoka na utume kilichomo. Wakati wa handisheki, maktaba huandika jibu lake humo kisha inasema inataka kusoma. Usipolituma, mteja anakungoja wewe nawe unamngoja yeye.

Kupima

Iharibu mtandao makusudi:

```
sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 75ms loss 3%
sudo tc qdisc del dev lo root
```

Kwenye lo ucheleweshaji unapita pande zote mbili, hivyo 75 inakuwa 150 kwenda na kurudi. Punguza SO_SNDBUF (bafa ya soketi ya kutuma) ya seva hadi 4096 ili WANT_WRITE itokee mara kwa mara. Ingia kwa openssl s_client -connect localhost:8443 -tls1_3, kisha andika K peke yake kwenye mstari: hiyo inatuma KeyUpdate na kukutaka ujibu. Rudia kwa -tls1_2 na R, inayoomba handisheki upya, na uone seva inaikataa vizuri; OpenSSL 3.0 huikataa kwa chaguo-msingi, mpaka uweke SSL_OP_ALLOW_CLIENT_RENEGOTIATION. Fungua nc localhost 8443 bila kuandika kitu na uhakikishe unakatwa sekunde ya 15. Tuma ujumbe wa baiti 16,000 kwa mkupuo mmoja dhidi ya bafa ya 4,096, na uone kama jibu linarudi bila mteja kuongeza baiti nyingine. Mwishowe, openssl s_time -connect localhost:8443 -new -time 10 itakupa handisheki mpya kwa sekunde; iendeshe huku mteja mwingine akituma ujumbe mmoja kila sekunde, na upime jibu la huyo wa pili linachelewa kiasi gani.